Dereva adaiwe kidato cha nne, mbunge adaiwe kusoma na kuandika tu. Wana Kusini, hii imekaaje?

#1 Mwana wa Mikindani

Wakuu, heshima yenu.

Mdogo wangu anaomba kazi ya udereva serikalini. Tangazo linataka kidato cha nne, leseni daraja E au C, awe ameendesha angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Sina ugomvi na hilo. Anayekushika roho barabarani asiwe wa kubahatisha.

Kisha nikafungua Katiba, Ibara ya 67, sifa za mbunge. Awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na amependekezwa na chama. Basi!

Kwa hiyo mwenye usukani anadaiwa bahasha nzima ya vyeti, na anayekaa siti ya nyuma, anayelipwa mara kadhaa zaidi yake, anadaiwa aweze kusoma kibao cha "Karibu Lindi". Naomba mnieleweshe: malipo ya wanasiasa yanapimwa kwa kipimo gani? Elimu siyo. Saa za kazi siyo. Ni nini?

#2 Bodaboda wa Chuno

Kura mkuu. Gombea na wewe, nani kakukataza?

#3 Mwalimu TGTS D

Ngoja niwawekee ya upande wetu, maana watu wanasikia "mwalimu ana laki nane" wanadhani tunalala pazuri.

Chukua mshahara wa 800,000. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, asilimia 5, hiyo ni 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Bodi ya mikopo asilimia 15, 120,000. Chama cha walimu asilimia 2, 16,000. PAYE, kodi ya mshahara, inakuja 68,000. Kinachobaki ni 532,000. Hapo bado mkopo wa benki, na hakuna mwalimu ninayemjua huku Nanyamba asiyekuwa na mkopo wa benki.

Mimi nina shahada, ngazi yangu ya mshahara ni TGTS D. Sina posho ya kukaa darasani. Darasa moja lina watoto wengi kuliko wabunge wa mikoa yote ya Kusini ukiwaweka pamoja, na hakuna anayeniita mheshimiwa.

#4 Kilwa Pwani

Mleta mada, umeruka kipengele. Ibara hiyohiyo inamkataa mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Na ungesoma mbele kidogo ungefika Ibara ya 73: wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge.

Rudia maneno ya mwisho polepole. Iliyotungwa na Bunge. Jibu lako liko hapo, mengine ni mapambo.

#5 Bodaboda wa Chuno

#4 umemaliza kila kitu. Na mimi kesho naandika sheria ya nauli ya kutoka Chuno mpaka Soko Kuu.

#6 Mtendaji Kata

Habari wana uzi. Mimi ni mtendaji, kata siitaji.

Kuanzia mtendaji wa kijiji tu, tangazo linataka kidato cha nne au cha sita na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani nyingine ya kufanana na hizo. Ukishaingia, ugomvi wa mipaka ni wako, michango ya madarasa ni yako, kipindupindu kikiingia ni chako, na mtoto akiacha shule ukaulizwe wewe. Bajeti ya 2021/22 ndiyo ilitukumbuka na posho ya madaraka ya 100,000 kwa mwezi. Tulishukuru, ila tukumbuke kuna watu wanalipwa zaidi ya hiyo kwa kukaa kikao cha siku moja.

Halafu mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa kwa kura kama mbunge, hana mshahara kabisa. Kwa hiyo #2 ukisema kipimo ni kura, umekosea. Angekuwa analipwa na yeye.

#7 Binti Shangani

Jamani mimi nitawapinga, mnirushie mawe taratibu.

Nimefanya kazi kwenye kampeni ya mbunge mmoja wa Mtwara, chama sisemi. Nilikuwa nashika simu yake ya pili. Mnajua simu ya pili ya mbunge inapokea nini? "Mheshimiwa tuna msiba." "Mheshimiwa mtoto kafaulu hana sare." "Mheshimiwa timu yetu haina jezi." Msimu wa jando na unyago ukifika ndiyo balaa, kila kijiji kina mwali wake na kila mama anataka kitenge cha mheshimiwa. Asipotoa wanasema kahamia Dodoma. Wakati huohuo mwalimu TGTS D hapigiwi simu saa tisa usiku na mtu asiyemjua anayetaka nauli ya kumrudisha maiti Newala.

Malipo yale hayaingii tumboni mwake yote. Sisi wenyewe tumemgeuza mbunge kuwa mfuko wa jamii, halafu tunashangaa mfuko una hela.

#8 Mwalimu TGTS D

#7 dada yangu, napigiwa. Na watu ninaowajua, ndiyo maana inauma zaidi.

#9 Mama wa Kitangari

Binti Shangani, hicho kitenge cha mheshimiwa sisi huku Newala tunakiona mwaka wa uchaguzi tu. Miaka minne mingine tunacheza kwa vitenge vyetu.

#10 Kangomba Mstaafu

Watu mnazunguka. Mshahara wa mbunge ni kiasi gani? Mmoja aseme tujadili kitu kinachoshikika.

#11 Bodaboda wa Chuno

Milioni kumi na tatu.

#12 Msimbati

Milioni kumi na nane, na mafuta ya gari juu.

#13 Kilwa Pwani

Wekeni hati. Kila mtu ana namba yake kutoka kijiweni. Mimi nitasema zile zilizosemwa hadharani. Mwaka 2011 posho ya kikao ilipanda kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Ukijumlisha posho ya kujikimu 80,000 na usafiri 50,000 ilifika 330,000 kwa siku moja. Spika wa wakati huo, Anne Makinda, alitetea kwamba maisha ya Dodoma yamepanda. Mbunge Zitto Kabwe akasema posho ya vikao haitaki, kukaa kikao ndiyo kazi yenyewe aliyoajiriwa nayo.

Mwaka 2014 likaja Bunge Maalum la Katiba. 300,000 kwa siku, na bado wakapatikana wajumbe wa kulalamika haitoshi.

Namba nyingine: Oktoba 2017 Rais Magufuli alisema mwenyewe mshahara wake ni milioni 9. Sasa pima, rais milioni 9, halafu mtu akuambie mshahara wa mbunge ni 18. Hapo ndipo mnapochanganya. Mshahara ni kitu kimoja, na posho ni kitu kingine. Mezani pa mbunge mshahara ndiyo mboga, ugali ni posho.

#14 Kangomba Mstaafu

Sasa tunaongea. Na posho haikatwi PSSSF wala bodi ya mikopo. Mwalimu hapo juu angelipwa nusu posho nusu mshahara angejenga.

#15 Mzee wa Lukuledi

Vijana, nawasoma tangu asubuhi.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wakaandika kwamba wakubwa wanaishi kwa anasa huku wao wanatakiwa kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, lakini palepale akasema kuhusu mishahara wana haki, akakata wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Masharti hayo yakalegezwa Zanzibar 1991, na tangu hapo kila mtu anajua mwenyewe.

Ibara ya 67 haikuandikwa kwa uzembe. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika. Ungedai kidato cha nne miaka ile, Masasi nzima ingewakilishwa na watu wachache waliopita shule za Ndanda na Chidya, na wakulima wasingekuwa na mtu wao. Kusoma na kuandika lilikuwa lango la kuwaingiza wanyonge.

#16 Mwana wa Mikindani

Shikamoo mzee. Lango nimelielewa. Ila leo wanaopita langoni ni wanyonge?

#17 Mzee wa Lukuledi

Marahaba. Hilo waulize waliochukua fomu.

#18 Msimbati

Fomu za CCM za ubunge 2020 zilichukuliwa na watu zaidi ya elfu kumi! Wengine walikuwa wakuu wa mikoa na wilaya, wakaacha ofisi zao wakaenda kutafuta kura. Maprofesa wanaacha vyuo. Hakuna anayeacha kazi nzuri kufuata kazi mbaya. Soko limeshasema, hatuhitaji hati za Kilwa Pwani.

#19 Nachingwea Stesheni

#18 hapo umegusa. Shemeji yangu ni daktari, aliomba likizo akatie nia, kura za maoni za chama zikamuonyesha kilichomtoa kanga manyoya. Kajibu kwa sentensi moja nilipomuuliza kwa nini: "Huku nikipandishwa daraja ni miaka, kule ni siku moja."

#20 Dada Ruvuma Mto

Naomba niingie na langu, si la kuchekesha.

Dada yangu alikuwa mhudumu wa afya kwenye halmashauri moja huku kwetu. Aprili 2017 orodha ya vyeti feki ilitoka, majina 9,932 nchi nzima. Lake lilikuwemo. Cheti hakikuwa chake, sitetei. Alikuwa ametumia cha ndugu aliyeacha shule, na alishazalisha wanawake wa kata tatu. Akatoka bila senti, mpaka 2022 serikali ilipokubali warudishiwe michango yao ya mifuko.

Uhakiki uleule haukugusa viongozi wa kisiasa. Maelezo yalikuwa kwamba wao sifa yao ni kujua kusoma na kuandika. Yaani yeye angekuwa diwani, asingeguswa. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza hilo nikaridhika.

#21 Mtendaji Kata

Pole dada. Na kulikuwa na kundi la darasa la saba pia, wakaondolewa. Mwaka 2018 wakarudishwa wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Nina mlinzi wa ofisi alirudi hivyo.

#22 Bodaboda wa Chuno

Tusiwaseme la saba jamani. Musukuma, aliyechaguliwa mbunge Geita Vijijini, alikuwa akisema kila siku yeye ni la saba na akiwabishia maprofesa mle ndani mpaka wanakaa. Kibajaji, yaani Lusinde aliyekuwa mbunge wa Mtera, naye hivyohivyo. Wenye digrii wengi wanagonga meza tu.

#23 Mwalimu TGTS D

#22 kubishana siyo kutunga sheria mkuu. Muswada wa fedha una jedwali na marejeo ya sheria nyingine kumi. Asiyeweza kuusoma ataupitisha hivyohivyo.

#24 Kilwa Pwani

Na mwenye digrii ataupitisha hivyohivyo vilevile, sababu ni chama. Elimu haimkingi mtu na karipio la chama. Kwenye Katiba yetu huwezi hata kugombea bila chama. Ndiyo maana mimi naona mjadala wa vyeti unatupoteza njia.

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilijaribu: elimu ya kidato cha nne, ukomo wa vipindi vitatu, na wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano. Ilipofika kwenye Bunge Maalum, ukomo na kumwondoa vikaondolewa. Waliokuwa wakiamua wengi wao walikuwa wabunge. Turudi #4.

#25 Binti Shangani

Kilwa Pwani kila njia yako inarudi #4, umejenga kwako huko?

#26 Kilwa Pwani

Nina kiwanja tayari 😂

#27 Mzee wa Salfa (Tandahimba)

Mimi mkulima. Naangalia jambo hili kwa korosho.

Sheria ya korosho ya 2009 ilisema ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65 irudi kwenye zao. Juni 2018 sheria ya fedha ikapeleka zote Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama, wa CCM na wa upinzani, wakapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Wakashindwa. Walikuwemo wasomi, walikuwemo wasio wasomi, wote walikuwa wanalipwa sawa, na wote walishindwa sawa.

Kwa hiyo mnaposema alipwe kwa elimu au kwa kazi, mimi nauliza, siku ile alistahili kulipwa ngapi? Alifanya kazi. Matokeo hakuna.

#28 Msimbati

Alistahili zaidi ya siku zote. Siku nyingine walikuwa wamelala.

#29 Kangomba Mstaafu

Mzee wa Salfa na mimi nilistahili fidia siku zile, biashara yetu ya kangomba, kununua korosho za wakulima kimagendo, ilikufa kabisa.

#30 Mzee wa Salfa (Tandahimba)

Wewe ulistahili mahakama.

#31 Mke wa Diwani Mstaafu

Naomba mtofautishe. Mkisema "wanasiasa" mnatuunganisha na watu wa Dodoma. Posho ya diwani kwa miaka mingi ilikuwa 350,000 kwa mwezi. Tena zamani ililipwa na halmashauri yenyewe kutoka mapato yake, na halmashauri ikikauka diwani anakauka nayo. Kuanzia Julai 2021 ndipo Serikali Kuu ilianza kulipa kwa halmashauri zisizo na uwezo.

Mume wangu alikuwa na pikipiki, kata ina vijiji vilivyotawanyika kama Liwale mnavyoijua. Mafuta yanatoka wapi? Tuliuza korosho zetu kuendesha udiwani. Mbunge hupita na gari, akichangia jengo vigae, diwani ndiye aliyebeba mawe na wananchi. Alipokosa kura ya pili nilishukuru Mungu kimyakimya.

#32 Mtendaji Kata

Mama, nathibitisha. Diwani wangu huniomba mimi vocha.

#33 Mwana wa Mikindani

#31 asante mama. Kumbe hata huko juu kuna wa juu na wa chini. Sasa mbona mbunge na diwani wanachaguliwa siku moja, kituo kimoja, na sanduku zao ziko pamoja, lakini malipo ni mbingu na ardhi?

#34 Nachingwea Stesheni

Kwa sababu mmoja anatunga sheria ya malipo na mwingine anasubiri waraka. (Kilwa Pwani usiseme kitu.)

#35 Mstaafu Mtarajiwa

Nyote mmesahau penyewe: mwisho wa safari.

Mimi nastaafu karibuni. Nimechangia mfuko maisha yangu yote ya kazi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, kilipokuja na mfuko mpya wa 2018 tulitishwa na malipo ya mkupuo ya asilimia 25, kikaahirishwa, Julai 2022 tukapewa 33, bajeti ya 2024/25 ikatufikisha 40. Wengine wetu mifuko yetu ya zamani ilitoa 50. Inayobaki unalipwa kidogokidogo kila mwezi, ukiwa hai.

Mbunge ana sheria yake, ya mafao ya viongozi wa kisiasa, ya mwaka 1999, wakati wa mzee wetu Mkapa wa Lupaso. Muhula ukiisha, kiinua mgongo. Miaka mitano tu. Akirudi, baada ya mitano mingine, tena. Juni 2016 Waziri wa Fedha alipopendekeza msamaha wa kodi kwenye kiinua mgongo hicho ufutwe, mliwasikia wenyewe walivyong'aka. Mimi sina shida na posho ya kikao hata ikiwa laki tano. Niambieni tu kwa nini uzee wangu una kikokotoo na wao hawana.

#36 Binti Shangani

#35 baba, kwa heshima: mkataba wa miaka mitano hauna uhakika. Wewe ulijua mshahara wa mwezi ujao upo. Mbunge akianguka anarudi kijijini na madeni ya kampeni. Nimemuona wa kwetu akiuza gari.

#37 Mstaafu Mtarajiwa

Mwanangu, aliuza gari. Mimi nitauza nini?

#38 Dada Ruvuma Mto

Na vibarua wa bandarini wakati wa msimu wa korosho, mkataba wao ni wa siku. Mbona kutokuwa na uhakika kwao hakuwaletei kiinua mgongo?

#39 Bodaboda wa Chuno

Pendekezo: mshahara wa mbunge uwe kima cha chini cha serikali mara kumi. Julai 2025 kima kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000, kwa hiyo yeye milioni tano. Akitaka apande, apandishe wetu kwanza. Posho zote zife.

#40 Mwalimu TGTS D

Bodaboda kumbe una akili hivi na unatuchaji elfu mbili mpaka Mikindani.

#41 Nachingwea Stesheni

#39 tatizo moja. Ukiua posho, Binti Shangani atapokelea wapi simu za misiba? Mbunge wa milioni tano bila posho atakuwa tajiri mwenye kiwanda, maana mwingine hataweza kampeni. Utapata mabwanyenye mle ndani.

#42 Mzee wa Lukuledi

Kwani sasa mle ndani kuna nani?

#43 Msimbati

Mimi bado nasimama na #18, na kama kuna mtu wa ofisi za Bunge humu aje na hati ya malipo ya mwezi mmoja tu. Mmoja!

#44 Kilwa Pwani

Na Mzee wa Salfa arudi. Kuna hoja pale kwenye #27: nadhani wapo wa Kusini waliopigia kura ya ndiyo bajeti ileile waliyoilalamikia. Kama ni hivyo, hawakushindwa.

#45 Mzee wa Salfa (Tandahimba)

Kilwa Pwani, kupiga kelele kwenye ushuru na kupiga kura kwenye bajeti ni mambo mawili, usinichanganyie. Ila Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya Juni 2018 nitaitafuta jioni. Sasa hivi nipo shambani na bomba mgongoni, upepo umetulia na salfa ya mikorosho hainisubiri.